Gitaa Lililodai Shikamoo

Usiku wa jana niliota nimefika dukani kununua gitaa, na gitaa likakataa kuuzwa kwa sababu sikulipa shikamoo.

Kabla sijaendelea, niseme kwanza yaliyo kweli, usije ukanilaumu baadaye. Jina langu kwenye karatasi zote ni Novatus. Nyumbani mama huniita Masele, na hajawahi kuniita vingine. Hata siku ya harusi yangu, padri aliposema "Novatus" mbele ya kanisa zima, mama aligeuza uso akatazama dirishani. Nilidhani anatafuta upepo.

Mimi ni mpima tumbaku katika ghala moja hapa Tabora. Mizani ndiyo rafiki yangu wa kazini, haijawahi kunidanganya. Zamani nilipiga gitaa katika bendi ya wafanyakazi, mpaka bendi ikafa na vyombo vikagawiwa watu wasiojua hata kuvifuta vumbi. Nilipiga gitaa la pili. Gitaa la pili ndilo linaloshikilia wimbo wakati mwenye solo anafumba macho na kujionyesha kwa wanawake. Hakuna aliyewahi kuniuliza jina.

Mwaka huu, kwa mujibu wa karatasi, natimiza miaka hamsini na sita. Nikaamua kujizawadia gitaa la umeme lililotengenezwa mwaka niliozaliwa, yaani 1969. Bwana mmoja wa Dar es Salaam, Athumani Mkwachu, akanitumia picha kwenye simu. Gitaa jekundu, limechubuka kidogo begani, lakini zuri mno. Akasema nimjibu kesho yake kabla ya adhuhuri, maana kuna mtu wa Arusha analiulizia. Nikalala na simu kifuani.

Na jambo moja la mwisho: nina mikono mifupi. Nimelijua hilo tangu mwaka 1978, siku niliyoandikishwa darasa la kwanza. Enzi zile mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Akiligusa, umri wa shule umefika. Mkono wangu uliishia utosini. Mwalimu akasoma karatasi ya ubatizo aliyopewa na baba, akakuta nina miaka tisa, akasema, "Karatasi haina kosa. Huyu mtoto ana mikono mifupi." Watoto wote wakacheka, na baba akacheka nao. Tangu hapo sijawahi kununua shati la mikono mirefu.

Sasa ndoto.

Duka lenyewe ni ghala letu la tumbaku. Robota za tumbaku zimeondolewa, na mahali pake yamewekwa madawati ya shule. Magitaa yamekaa matatu matatu kila dawati, shingo zimenyooka, na kila gitaa limeshika kadi yake ya kliniki. Hakuna linalopiga kelele. Nyuma kabisa gitaa la besi linasinzia.

Muuzaji ni koti. Simaanishi mtu aliyevaa koti. Ni koti la kijivu limetundikwa kwenye msumari, na ndani hamna mtu. Linaninyooshea mkono wa kulia, nami naushika, maana kumwachia mtu mkono hewani si adabu.

"Karibu, mteja. Masharti unayajua?"

"Siyajui."

"Ni moja tu. Mtu hununua gitaa la mwaka wake. Akinunua la mwaka wa mwenzake, mwenzake hubaki hana mwaka."

"Na mtu asiye na mwaka hukaa wapi?"

"Hakai," koti linasema, kisha linajikung'uta vumbi kolani.

Naona ni sharti la haki. Nimewahi kununua baiskeli kwa masharti ya ajabu kuliko hayo. Naenda moja kwa moja hadi dawati la 1969, na hapo limekaa lile jekundu la kwenye picha. Moyo unaniruka. Nalipiga kofi la kirafiki begani, pale palipochubuka.

"Mambo vipi, rika langu?"

Gitaa la besi linazinduka usingizini. "Mungu wangu," linasema, "watoto wa siku hizi."

"Nani rika lako?" gitaa jekundu linauliza.

"Mimi na wewe. Sitini na tisa."

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo ya nini tena? Tumezaliwa mwaka mmoja. Nikikuamkia watu watanicheka."

"Basi siuzwi," gitaa linasema, na linajifunga mkanda wake kifuani kama mama aliyekasirishwa sokoni.

Nalisihi. Nalieleza kwamba nimetoka mbali, ingawa ghala hili ni la kazini kwangu. Koti linashuka kutoka kwenye msumari na kusema kwamba mgogoro wa umri hausuluhishwi dukani, unapelekwa kwa Mwalimu Mkuu.

Hatutembei. Ghala linakuwa shule yangu ya msingi papo hapo lilipo, na harufu ya tumbaku inageuka harufu ya chaki. Mwalimu Mkuu ni amplifaya. Amekaa kwenye kiti chake, amevaa miwani, na kabla ya kusema neno huunguruma kwanza mpaka vioo vya madirisha vitikisike.

"Mmmmm. Gitaa, gusa sikio."

Gitaa jekundu linapindisha shingo yake ndefu, linaipitisha mgongoni, na kwa ncha ya kichwa linagusa visumaku vilivyo chini ya nyuzi, maana huko ndiko gitaa husikilizia. Magitaa mengine yanashangilia.

"Mmmmm. Na wewe."

Napitisha mkono juu ya kichwa. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, nina mjukuu mmoja na mwingine yuko njiani. Mkono unakuja, unapanda, unafika utosini, unakoma. Nausukuma kwa mkono mwingine. Umekataa kabisa. Wanacheka walewale wa mwaka 1978, nawatambua kwa sauti, ingawa sasa kila mmoja ana shingo ya mti na nyuzi sita.

"Karatasi inasemaje?" Mwalimu Mkuu anauliza.

Naitoa mfukoni. Ni jani la tumbaku, daraja la kwanza, lakini limeandikwa vizuri kwa wino. Anasoma. "Alfu moja mia tisa sitini na tisa. Basi. Karatasi haina kosa. Huyu ana mikono mifupi. Mwuzieni."

Nafurahi. Nakiri nafurahi, maana kwa mara ya kwanza mikono hii imeniletea faida.

"Samahani, mwalimu," koti linasema. "Mimi ni koti. Mambo mengine sijui, lakini mikono naijua."

Nalo linanivaa. Halikuniomba ruhusa. Mkono wa kushoto unaingia, wa kulia unaingia, linajifunga vifungo lenyewe. Wote tunatazama chini. Mikono ya koti imeishia kwenye vifundo vya mikono yangu, haikuzidi wala kupungua.

"Mikono ya mtu huyu," koti linasema kutoka mgongoni mwangu, "ni ya kawaida kabisa."

Hakuna anayecheka tena. Nahesabu: miaka arobaini na saba ya mashati mafupi, hata kipindi cha baridi cha mwezi wa saba, hata kwenye picha ya harusi. Nataka kulia, na si kwa ajili ya gitaa.

"Mmmmm," Mwalimu Mkuu anaunguruma, safari hii kwa upole. "Kama mkono si mfupi, basi mwaka ndio mrefu. Mpelekeni kwenye mizani."

Shule inakuwa zahanati. Kina mama wamekaa kwenye benchi na watoto wachanga mapajani. Kwenye boriti imening'inizwa mizani ya kliniki, ile yenye uso wa saa, na chini yake kaptura ya kitambaa ya kumtia mtoto. Natiwa mimi. Miguu yangu inapita kwenye matundu, viatu vinaning'inia, koti bado limenivaa. Mama mmoja anamwambia mwenzake, "Huyu amechelewa chanjo."

Mizani ina sauti ya muuguzi aliyechoka. "Tulia. Usitikisike."

"Dada, umri nao hupimwa kwa kilo?"

"Umri hauna kilo. Napima kilichozidi." Mshale unazunguka, unasimama. "Amebeba miaka mitatu isiyo yake."

Ningebishana na koti, ningebishana hata na Mwalimu Mkuu. Mizani siwezi kubishana nayo, ni kazi yangu. "Ni ya nani?" nauliza.

"Ya aliyekaa humu kabla yako. Nilimpima tangu Juni mwaka 1969. Novatus. Mama yake alikuja naye kila mwezi, hakukosa hata siku ya mvua. Mwezi wa kumi na sita akaja amepungua. Mwezi wa kumi na saba hakuja." Kamba inalia kwenye boriti. "Mwaka 1972 mama yuleyule akaja na mtoto mwingine. Akatoa kadi ileile. Nilimuuliza. Akasema bado ina nafasi."

"Novatus ni mimi," nasema.

"Wewe ni Masele. Uzito wako naujua."

Hapo ndipo ninapoogopa. Mpaka hapo nilikuwa naona ni usumbufu wa dukani tu. Nakumbuka baba akimpa mwalimu ile karatasi ya ubatizo, amekunja uso, anatazama pembeni. Karatasi hazikuwa nyingi nyumbani kwetu. Mwalimu alitaka karatasi, na ndani ya nyumba ilikuwapo moja.

Najichomoa kwenye kaptura, nachanika suruali, najikusanya. Gitaa jekundu limekaa peke yake mwisho wa benchi. Kadi yake iko wazi magotini. Mstari wa kalamu unapanda kidogo kidogo, unashuka, unakatika kwenye mwezi wa kumi na sita. Kuanzia hapo mwandiko ni mwingine.

Nainama kama nilivyofundishwa. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu," anasema. "Keti. Mama hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu yanamsumbua."

"Shule ilikuwaje?"

"Ya kawaida. Hesabu ulifeli darasa la saba."

"Mimi?"

"Jina lako, kaka. Mtihani niliufanya mimi."

Anatafakari. "Nilioa?"

"Ulioa. Mwanamke mzuri, mkali kidogo asubuhi. Una watoto wanne."

"Wanne!" Nyuzi zake zinatetemeka zenyewe. "Na mpira nilicheza?"

"Siku moja. Ukavunjika jino."

Namwonyesha jino. Analitazama kwa makini sana, kama mali yake. Kisha anauliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Na gitaa? Nilipiga?"

"Ulipiga. La pili."

"La pili tu?"

"Solo ilikuwa na mwenyewe."

"Ningekuwa mimi, ningepiga solo."

"Najua, kaka."

Koti linakohoa mgongoni mwangu, na mkono wake wa kulia, wenye mkono wangu ndani, unanisogezea fomu na kalamu. "Mteja, tufunge biashara. Karatasi zako ni safi. Serikali inakutambua, kanisa linakutambua. Andika hapa kwamba 1969 ni mwaka wako, uape, na gitaa hili unaondoka nalo. Hakuna atakayeuliza tena."

"Na yeye?"

"Sharti nilikwambia."

"Nisipoapa?"

"Utachukua la mwaka wako. Lile pale."

Ukutani limeegemea gitaa la 1972. Seremala mmoja alilichonga kutoka kwenye mlango. Limepakwa rangi ya kijani, ile ya madirisha, na bawaba moja bado iko ubavuni. Kitasa kimeachwa, labda kwa bahati mbaya.

"Hilo linapiga kweli?" naliuliza koti.

"Tunajitahidi," gitaa la kijani linajibu lenyewe.

Nitasema kweli: nilimtaka yule mwekundu. Nilimtaka mpaka viganja vikatoka jasho. Isitoshe, jina nililizoea. Nimeliandika kwenye daftari za tumbaku miaka thelathini, naweza kuliandika nimefumba macho. Nilijiambia kwamba aliyekufa hana haja na mwaka. Nikamtazama kaka anibembeleze, nipate sababu ya kumkasirikia. Hakunibembeleza. Alikuwa bado anaitazama midomo yangu, anatafuta lile jino.

Nikashika kalamu. Penye jina nikaandika *Masele*. Sikuwahi kuliandika popote, na herufi ya kwanza ilinishinda mara mbili. Penye mwaka nikaandika 1972.

Koti likanivua. Likaondoka bila kuaga, likaenda kujitundika.

Sasa zahanati ni ukumbi wa dansi, Jumapili mchana, mapazia yamefunguliwa na jua linaingia mpaka katikati ya sakafu. Kina mama wa kliniki wamekaa kwenye meza na soda zao. Mwalimu Mkuu yuko jukwaani, anaunguruma taratibu, waya zimemwingia mgongoni. Kaka anapiga solo. Anajipiga mwenyewe, hana mtu. Anapiga kama mtoto wa miezi kumi na sita: sauti tatu tu, anazirudia, anajisikia, anafurahi, anazirudia tena kwa nguvu zaidi.

Mimi nimeshika mlango wa kijani. Nashikilia wimbo. Kazi hiyo naijua, na kwa mara ya kwanza siioni ndogo. Watu wanainuka kucheza, na yule mama aliyesema nimechelewa chanjo anacheza na mizani.

Wimbo unapoisha, kaka anang'oa uzi wake mwembamba kuliko yote. Anauzungusha kwenye mkono wangu wa kushoto na kuufunga fundo.

"Wa nini?"

"Mama ataujua."

"Kaka, unabana."

"Hata mimi ulinibana," anasema.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na simu ilikuwa imeanguka chini ya kitanda. Nilijiambia ndoto ililetwa na muhogo niliokula jana. Nikaenda uani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Ndivyo anavyoanza kila siku, magoti yaume yasiume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Masele. Umeamkaje? Chukua chai yako hiyo, inapoa."

Alininyooshea kikombe. Mkono wa kulia ulikuwa na simu, kwa sababu Mkwachu alikuwa ameshaanza kupiga, kwa hiyo nikapokea kwa wa kushoto. Mama akafungua kinywa anikemee. Hakunikemea. Alishika kifundo cha mkono wangu, akaugeuza juu, chai ikamwagikia maharage.

Kulikuwa na alama. Mstari mwembamba, mwekundu, umezunguka mkono mzima, na upande wa ndani, penye mshipa, kidoti kidogo cha fundo. Mama akapitisha kidole gumba juu yake, taratibu, akarudia.

"Nilimfunga uzi mweusi, homa isimrudie," akasema, haniangalii. "Fundo nililiweka kwa ndani, maana alikuwa akilitafuna."

Simu ilikuwa bado inalia. Nikaiweka chini.

"Ulimfunga nani, mama?"

Akageuza uso, na kwa kuwa uani hakuna dirisha, akatazama ukuta. Kisha akanirudia, mkono wangu bado ameushika.

"Novatus," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo, na hakuwa akiniita mimi.